Nikiambiwa "Jieleze" Nakiri Makosa

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu, halafu naomba unisaidie kabla ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo nimeitwa tena kwenye usaili wa kazi, na nikiulizwa swali lile lile nitajibu upuuzi ule ule, najijua.

Mimi ni kijana mwenye umri wa kutosha kuoa, nimelelewa na shangazi yangu, ambaye maisha yake yote ya kazi alikuwa matroni wa bweni, na ingawa amestaafu na nyumbani tumebaki wawili tu na paka, bado anatembea na funguo kiunoni na hapigi hodi. Shangazi hachapi, hatukani, wala hapandishi sauti, yeye hukunja mikono tu, akasema, "Haya, jieleze," na mtu mzima na ndevu zake anaanza kukiri mambo ambayo hata hajaulizwa. Jirani yetu, dereva wa lori, alikuja kuazima ngazi, akaambiwa hivyo kwa mzaha, akajikuta anakiri kwamba nyundo yetu iliyopotea mwaka juzi anayo yeye.

Sasa ilipotangazwa nafasi ya karani katika duka moja la vioo na madirisha, shemeji yangu, mume wa dada, ambaye anafanya kazi ofisini na huvaa tai hata akienda kunyoa, alijitolea kunifundisha maswali ya kawaida, tukawa tunakaa sebuleni kwake kila jioni, yeye ndiye bosi, dada ndiye meneja, bosi ananiuliza, "Tuambie kuhusu wewe," nami namwaga, "Mimi ni mchapakazi, mwenye kujituma, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa," dada anapiga makofi, shemeji anasema, "Shem, hapo hata ikulu wanakuchukua," na kwenye swali la udhaifu tulikubaliana niseme napenda kazi kupita kiasi, na kwenye miaka mitano ijayo niseme najiona nimekua pamoja na kampuni, basi siku ilipofika nilikwenda kichwa kimejaa kama gunia la pamba.

Chumba cha usaili, mshauri, kiko nyuma ya duka, na kuta zake zote zimeegemezwa vioo vya kujitazama vinavyosubiri wenyewe, hivyo kila nikigeuka najiona natokwa jasho pande tatu. Walikuwamo mwenye duka, ambaye ni mzee mpole wa miwani, na mama wa hesabu, na fundi anayekata vioo, vidole vimejaa plasta. Mzee akaniambia, "Karibu, kaa," nikakaa, akakunja mikono, na kwa upole kabisa akasema, "Haya kijana, jieleze."

Nikasimama. Sijui nani aliniambia nisimame. Mikono nyuma, macho chini, nikasema, "Sikuwa peke yangu."

"Hukuwa peke yako wapi?" akauliza mama wa hesabu.

"Pale mapokezi. Yule mwenzangu anayesubiri amechukua pipi tatu. Mimi mbili. Moja hii hapa." Nikaiweka mezani. "Na viatu hivi shemeji hajui, yeye aliniazima vyeusi, mimi nikachukua vya harusi yake. Na chupa ya chai ya shangazi haikuangushwa na paka. Niliiangusha mimi."

"Paka gani?" akauliza mzee.

"Paka wetu. Tangu siku hiyo analala nje."

Fundi akacheka mpaka akaegemea kioo, mama wa hesabu akamvuta shati asije akakivunja, kisha kwa uso mkavu akaniuliza udhaifu wangu ni upi, nikamwambia, "Mama, si ndio huo nimemaliza kuutaja?" akauliza miaka mitano ijayo najiona wapi, nami kwa kuwa akili ilishahama nikasikia lile la mwisho tu, nikainua macho nikamjibu, "Najiona pale karibu na mlango, na pale, na nusu yangu iko juu ya kabati."

Nilirudi nyumbani nikijilaani, maana kazi yenyewe naijua, katika duka la vifaa vya ujenzi nilikokuwa kabla mwenyewe hajalifunga na kuhama mimi ndiye niliyetumwa kupima upya madirisha ya wateja, kwa sababu watu hupima fremu badala ya uwazi wa ndani kinapokaa kioo, na hakuna kioo nilichokipima mimi kikarudishwa dukani, lakini hilo si muhimu, la muhimu ni kwamba mzee amepiga simu, akasema, "Uje tena Alhamisi ya mwisho wa mwezi, ujieleze vizuri," nami sielewi kama ni usaili au ni kesi ya pipi. Dada anasema nitafute kazi isiyo na maswali. Shemeji anasema nitie pamba masikioni nijibu kwa kukisia. Na mimi kazi hii naitaka kuliko kitu chochote, maana tangu duka lile lifungwe nakaa nyumbani mchana kutwa, na shangazi ameanza kunikagua kitanda.

Usitaje jina langu tafadhali, na lile la chupa ya chai lisitoke, kwa sababu shangazi huusoma ukurasa wako kila Jumamosi kwa sauti.

Ni mimi,
Mkiri Makosa

*

Mwanangu Mkiri Makosa,

Pole. Nimecheka, nikafuta miwani, nikacheka tena. Sasa niache nikugombeze kidogo.

Tuanze na neno lenyewe, maana kosa lako ni la lugha kabla halijawa la usaili. Kueleza ni kulifanya jambo liwe wazi kwa mwenzako. Ukilitia ji-, jambo linalowekwa wazi ni wewe. Basi, hakuna zaidi. Hatia haimo ndani ya neno hilo. Umeingia nayo wewe, kama ulivyoingia na viatu vya watu. Matroni akikukuta nje ya bweni akasema "jieleze", anauliza umefanya nini. Mwajiri akisema "jieleze", anauliza unaweza kufanya nini. Mzee alipokuambia "kaa" hukudhani anakupa kaa la moto, wala hukuinama kutafuta kaa wa baharini chini ya meza. Ulikaa kwenye kiti, kwa sababu uliangalia mahali neno lilipotamkiwa. Fanya hivyo hivyo kwa neno linalofuata.

Shemeji yako ana nia njema na tai nzuri, lakini amekupoteza. Mchapakazi, mwenye kujituma, chini ya shinikizo! Punda naye ni mchapakazi, tena chini ya mzigo, na sijasikia ameitwa kwenye usaili. Majibu uliyokaririshwa ni ya mtu ambaye hayupo. Ndiyo maana swali lilipobadilika maneno, mtu yule alitoroka, ukabaki wewe na pipi yako.

Na jibu la kweli unalo. Umeniandikia mwenyewe, ukalificha katikati ya jasho na pamba: kwamba watu hupima fremu badala ya uwazi, kwamba ulikuwa unakwenda kupima upya, kwamba hakuna kioo chako kilichorudishwa. Kisha ukaongeza, "lakini hilo si muhimu." Si muhimu? Mwanangu, nilipofika hapo nilitamani kukuvuta sikio kupitia gazeti. Kioo kikikatwa vibaya hakiungwi, na karani anayelijua hilo ni rafiki wa kila mwenye duka la vioo. Ukiambiwa ujieleze, anza hapo. Sema ulikuwa ukifanya nini, ulikifanyaje, na kitawafaa nini wao, kisha nyamaza. Kunyamaza nako ni sehemu ya jibu, na ndiyo sehemu hujajifunza kabisa.

Swali la udhaifu, usiseme unapenda kazi kupita kiasi. Jibu hilo limeshasikiwa na kila kiti cha usaili hapa duniani. Sema ukweli mdogo, na useme unaufanyia nini: "Nikiogopa nasema mengi, kwa hiyo siku hizi navuta pumzi kabla ya kujibu." Watakuamini. Wana ushahidi, tena mmoja uliwaachia mezani. Na wakikuuliza baada ya miaka mitano unajiona wapi, usitazame ukutani. Wewe ulikuwa unakwenda kupima peke yako. Sema ungependa siku moja uwafundishe makarani wapya kupima. Pamba mrudishie shemeji, pamoja na viatu. Vaa vyako, vipige rangi.

Unaniuliza kwa nini wamekuita tena. Ninaweza kukosea, lakini fikiri na mimi. Mzee huyo anauza bidhaa ambayo kazi yake ya pili ni kuvunjika. Bila shaka amewahi kuwa na makarani waliomwambia ni upepo, ni mteja, ni paka. Akaja kijana mmoja akakiri ya paka bila kuulizwa. Hakukuita akuhukumu kwa pipi mbili, kwanza moja umesharudisha. Ila usibweteke. Ukweli umekupatia siku ya pili tu. Kazi utaipata kwa futi kamba yako ya kupimia.

Limebaki la chupa ya chai. Uliniomba lisitoke. Ningeweza kulifuta, na nimeliacha kwa makusudi, kwa sababu huo ndio ugonjwa wako wote. Kila ukisikia "jieleze", chupa ile ndiyo inayokimbilia mdomoni, kwa kuwa haijawahi kusemwa panapostahili. Neno usilolisema nyumbani litakusemea ugenini. Kalimalize kwa mwenyewe, ili Alhamisi ukifungua mdomo kusiwe na kitu cha kutoka ila madirisha.

Kwa hiyo Jumamosi hii amka mapema, kabla shangazi hajavaa miwani, ujieleze. Na kama maneno haya unayasikia kwa sauti yake, basi umechelewa kuamka. Simama, mwanangu.

Nawe Mama Matroni, heshima yako. Najua umeshakunja mikono. Naomba umwulize mara mbili: mara ya kwanza kama matroni, na akimaliza kukiri, umwulize tena kama mwenye duka, akujibu habari za fremu na uwazi mpaka usikie hatetemeki. Ila kabla ya swali la pili, inuka umfungulie paka mlango.