Mzazi wa Watoto Wanne Wasio Wangu

Mwalimu Nyangeta,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya cherehani yangu na mashahidi wawili ambao ni kuku wa jirani, natangaza rasmi kwamba koti la kijivu limestaafu. Lile la mikutano ya wazazi. Nimelikata vifungo vyote nikavishona kwenye sare za watoto wa watu, na kitambaa kilichobaki nafutia mafuta ya mashine. Hakukuwa na hotuba.

Koti hilo ulilijua vizuri. Kila mkutano lilikuja shuleni, mimi nikiwa ndani yake, na kila mara lilikuwa baba wa mtoto mwingine. Hapa Mabatini watu wanashinda kwenye biashara zao, na mimi nashona mbele ya geti la shule, sina mke wala mtoto, basi nikawa mtu wa kutumwa. "Fundi, nenda kanisikilizie." Naenda. Sikudai kitu. Nilipenda tu kuitwa mzazi. Hilo sikuwahi kukuambia, ila nadhani ulikuwa unaliona.

Wenzangu walijipanga kwa mwalimu wa hesabu. Kwako hakuna aliyekaa. Walisema Kiswahili kila mtu anakiongea, sasa utakaa na mwalimu wake mzungumze nini? Na wale ambao Kiswahili chao kimeegemea Kisukuma au Kikerewe walikuogopa, kana kwamba ungewasahihisha wao kwa kalamu nyekundu. Mama Leticia alikuwa mmoja wao. Sokoni kwenye dagaa zake hakuna mteja anayemshinda maneno, lakini kukaa mbele ya mwalimu wa Kiswahili, alikataa katakata. Nikaenda mimi. Ukanitazama juu ya miwani ukasema, "Masanja, wewe una watoto wa kila kabila." Halafu ukanisogezea kiti. "Haya, kaa. Afadhali wewe kuliko kiti kitupu."

Mwalimu, kiti kitupu kingekuwa afadhali.

Siku ile nilikuwa mzazi wa watoto wanne. Ukafungua daftari la imla la Leticia. Sentensi ulizosoma ukiwa umesimama mbele ya darasa, zote zipo, mwandiko mzuri. Sentensi ulizosoma ukitembea nyuma ya madawati, hakuna kitu, mistari mitupu. Ukanieleza kwamba mwalimu wa hesabu hawezi kuliona hilo, kwake kila kitu kiko ubaoni. Wewe umeliona kwa kuwa kazi yako ni mdomo na sikio. "Apelekwe hospitali masikio yaangaliwe. Mapema, Masanja." Kisha ukafungua la Pendo, binti wa fundi baiskeli, ukasema huyu ni uvivu tu, anaandika nusu halafu anachora maua, baba yake ambane kidogo.

Sikuandika. Mtu aliyejifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia nguo ana majivuno yake: kila kitu kinabebwa kichwani. Nilitoka na jumbe nne, getini nikasimamishwa na mteja kuhusu suruali iliyombana, tukabishana sana. Baada ya hapo nikaenda kwa baba yake Pendo, nikamwambia ampeleke mtoto hospitali akaangaliwe masikio. Kwa Mama Leticia nikasema mwalimu anasema ni mvivu, abanwe.

Akabanwa. Jioni hiyo hiyo nilisikia fimbo kwao, jirani na kibanda changu, wakati nakunja kazi zangu, na nikajisemea moyoni, mkutano umezaa matunda.

Miezi iliyofuata, Leticia akiitwa asiitike, alichapwa tena. Uvivu wake sasa ulikuwa na ushahidi wa mwalimu. Mimi nilikuwa namsifu kwa adabu. Ukimsemesha alikuwa anakutazama mdomo mpaka umalize.

Ninalolibeba zaidi ni ile siku nilipokuja kukuona wodini. Ulikuwa umebaki mifupa na miwani. Ukauliza, "Yule wa masikio, alipelekwa?" Nikakujibu kwa furaha: alipelekwa, akasafishwa, daktari kasema hana tatizo. Nilikuwa namsema Pendo. Sikukudanganya, Mwalimu. Sikujua kama... Ukafumba macho, ukasema, "Basi hilo limeisha." Wiki ya pili yake tukakusindikiza kukuzika kwenu Mara, umeondoka ukiamini hivyo.

Mwalimu aliyeshika nafasi yako ni kijana mdogo, ananiamkia shikamoo, lakini hakunisogezea kiti. Alisema atamsubiri mama mwenyewe hata wiki nzima. Mama Leticia akaenda, na Kiswahili chake kilichoegemea Kikerewe, na mikono inanuka dagaa. Hakuna aliyemcheka. Kijana alikuwa amekuta madaftari yako kabatini. Nyuma ya lile la Leticia ulikuwa umeandika kwa wino mwekundu: Hasikii vizuri. Mzazi ameambiwa.

Mama Leticia alitoka hapo moja kwa moja hadi kwangu. Akaliweka daftari juu ya cherehani, akanionyesha kwa kidole. Hakupaza sauti.

"Fundi, mzazi gani aliambiwa?"

Niliusoma ule wino mwekundu mara mbili.

"Nilimchapa kwa kutosikia, Fundi. Mimi. Kwa mkono huu."

Nilishika futi kamba kama mtu anayetaka kumpima.

Siku hizi siendi kwa niaba ya mtu. Ikifika siku ya mkutano nafunga kibanda, naenda kukaa kwenye meza ya dagaa ya Mama Leticia ili aende mwenyewe. Napima vibaya, wateja wananisema, wengine wananiuliza nimeoa lini. Akirudi ananiambia asante, basi. Zaidi ya hapo hatuongei, na sidai. Ila juzi, wakati anafunga meza, alisema bila kunitazama kwamba kwa mwalimu wa Kiswahili walikuwa wazazi watano wanasubiri zamu. Nikaona nikufikishie. Huo ujumbe nimeuandika.

Pumzika, Mwalimu wangu. Nakuahidi mwakani nitakuja Mara, nisimame pale ulipolala, nikuambie haya yote kwa sauti, maana barua mtu anaiandika akiwa amekaa kwa raha zake. Na nakuahidi Leticia hatachapwa tena; mama yake ameapa, na mimi nipo hapa getini.

Mwezi uliopita alipimwa hospitali. Sikio la kushoto halisikii kabisa. La kulia linasikia kidogo.

Fundi Masanja