Nakshi ya Dada Yangu

Salamu kutoka Gando, mjukuu wangu Maryam. Tu wazima, na shangazi yako kajifungua salama. Umeniuliza nawezaje kusuka mikoba na mtu wa Lamu nisiyewahi kukutana naye.

Nilipokuwa kigori, dada yangu alibuni nakshi ya mkeka. Niliiona nzima, ila alinifundisha nusu tu, akarudi kwa mumewe kule kijijini Wambaa, na hatukuonana tena duniani.

Juzi niliionesha nusu ile kwenye kikundi chetu cha wasukaji kwenye simu. Bi Salma wa Lamu akapiga kwa video, ukili wa kusukia mkononi, akijaribu kuikamilisha nusu iliyobaki.

"Bibi, tuendelee hivi?"

"Subhanallah! Hivyo hivyo!"

Tukasuka pamoja mpaka ikakamilika, machozi yakinitoka.

Leo mteja wa Muscat kaagiza mikoba yenye nakshi hiyo, akauliza nakshi inaitwaje. Nimemjibu: Raya, jina la dada yangu.

Bibi yako, Asha