Shuka Hukunjwa na Wawili

Jumatatu, 9 Machi

Ijumaa tarehe 6, saa nne asubuhi, tumepoteza duka letu la kufulia nguo. Naandika hivyo nisije nikajidanganya baadaye kwamba tulilifunga wenyewe. Hatukulifunga! Mwenye jengo ameuza, mnunuzi anataka maegesho ya magari, kufuli likabadilishwa nguo za wateja zikiwa bado kambani. Miaka ishirini na miwili. Kumi na tisa pamoja na mume wangu, mitatu ya kwanza peke yangu – mabeseni mawili, pasi ya mkaa na mgongo wangu.

Akiba itatufikisha mwisho wa Mei, tukila kwa adabu. Juni binti yetu anarudi chuoni. Kwa hiyo sasa tunatafuta kazi, mume wangu na mimi. Kazi za kuajiriwa. Mimi sijawahi kuajiriwa hata siku moja.

Jumatano, 11 Machi

Kila tangazo linataka barua ya mwajiri wa mwisho. Mwajiri wangu wa mwisho ni nani, Mungu? Mume wangu akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa. Akasema niandikie mimi, nami nikuandikie wewe. Mhuri si tunao?

Nikaandika: nimemwajiri miaka kumi na tisa, ni mwaminifu, hachelewi, ana subira na wateja wakorofi. Kila neno ni kweli. Alikuja mlangoni kuomba kazi ya kupeleka nguo kwa baiskeli, nikampa usaili wangu, ule ule niliompa kila mtu: shika ncha hizi, tukunje. Shuka kubwa hukunjwa na wawili. Mmoja husimama, mwingine humfuata na ncha zake mkononi. Akanifuata bila kuambiwa, na shuka halikugusa chini. Nikamchukua. Mwaka uliofuata akanichukua yeye, mbele ya mashahidi.

Naye akaandika: mama huyu amefanya kazi chini ya usimamizi wangu kwa bidii. Chini ya usimamizi wangu! Nikamtazama. Akasema ndivyo barua hizi zinavyoandikwa. Haya. Mhuri mmoja, barua mbili.

Tumekubaliana tusigonge mlango mmoja. Hoteli na hospitali zangu. Maghala na viwanda vyake.

Jumanne, 17 Machi

Intavyu ya kwanza, hospitali ya binafsi. Nikaingia ofisini, hakuna mtu, nikakaa. Nyuma ya meza! Mazoea – miaka yote hapo ndipo mahali pangu. Msaili akaja na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa upole kama nimekuja kumsaili yeye. Nikahama. Akakalia joto langu, uso ukamkunjamana.

Akauliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikasema nitakuwa na miaka arobaini na minane. Akangoja. Nami nikangoja, nilidhani swali limekwisha.

Udhaifu wangu je? Nikasema sivumilii mtu anayenipotezea muda. Akaandika hilo. Neno pekee aliloandika.

Jibu limefika kwenye simu kabla sijavua viatu. Hapana, ila wamenitakia kila la heri.

Alhamisi, 19 Machi

Ghala la vinywaji limemkataa mume wangu. Eti uzoefu umezidi. Nikamwambia siku hizi uzoefu unaonjwa kama chumvi? Hakucheka.

Wifi akaja kutupa pole, yaani kunipa mimi darasa. "Wifi yangu, mwache mwanamume atangulie kupata. Ukipata wewe kwanza utamvunja." Nikamuuliza, kwani kaka yako ni sahani? Akasema, "Mdomo huo, wifi! Ndiyo maana hawakuchukui."

Mume wangu alikuwa chumbani. Mlango ulikuwa wazi.

Jambo moja nimelibaini. Tangu kufuli libadilishwe hajaniita bosi. Miaka kumi na tisa – bosi, chai tayari. Bosi, zima taa tulale. Utani wake, lakini utani wenye heshima ndani. Sasa haniiti chochote. Anakohoa, ndipo najua naitwa.

Jumatatu, 23 Machi

Hoteli imenipigia! Msimamizi wa chumba cha kufulia. Kesho saa tatu. Kazi hii imekatwa kwa kipimo changu.

Mume wangu naye ana usaili kesho, ghala la saruji, upande wa pili wa mji. Nimempigia pasi shati jeupe. Kola mara mbili, maana ndiyo inayotangulia machoni.

Jumanne, 24 Machi

Nimefika mapema. Kwenye benchi, nje ya ofisi ya meneja, shati jeupe. Kola niliijua kabla ya shingo. Kumbe nimempigia pasi mshindani wangu!

Nikakaa. Nikamnong'oneza: hili ndilo ghala la saruji? Akasema mlinzi wa hapa ni rafiki yake, ndiye aliyemwambia kuna nafasi. Na ulijua mimi nimeitwa? Hukujua? Akatazama viatu vyake. Akasema alituma maombi kabla sijaitwa, akidhani hawataniita.

Dada mmoja mwombaji, aliyekaa kati yetu, akauliza kama tunafahamiana. Tukajibu kwa pamoja: kidogo.

Meneja, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akatuita sote wawili kwa mpigo. Barua zetu ziko mezani, bega kwa bega. Akasema amesoma barua nyingi maishani, lakini hajapata kuona watu wawili ambao kila mmoja ni bosi wa mwenzake. Msaidizi wake akajificha nyuma ya kompyuta, mabega yakimtikisika. Mimi natamani sakafu inimeze. Nikasema: huyu ni mume wangu, duka lilikuwa letu.

Hakukasirika. Akaagiza shuka la kitanda kikubwa. "Nionyesheni."

Tukashika ncha. Tukanyoosha, tukakunja la kwanza, tukakunja la pili – mikono inajua kazi hata ikiwa na hasira. Kisha pakafika pale pa mmoja kumfuata mwenzake. Siku zote yeye ndiye huja, mimi husimama. Leo akasimama. Nami nikasimama. Shuka katikati yetu, meneja anatutazama, msaidizi naye ameacha kucheka. Mume wangu amekaza taya kama mtu anayepiga picha ya kitambulisho. Shuka likaanza kulegea. Tumbo la shuka likashuka, likashuka. Jeupe pe!

Nikaenda mimi.

Nisingevumilia lichafuke. Ni hilo tu! Lakini nilipomkabidhi ncha zangu hakunitazama usoni.

Meneja akasema kukunja tunajua, sasa anataka ukweli, kwa sababu kwenye chumba chake cha mashuka hataki mtu wa hadithi. Atatuuliza mmoja mmoja swali moja: nani aliongoza duka lile? Majibu yakilingana, kazi ni ya huyo aliyeongoza. Yasipolingana, anamchukua dada wa benchini. Atapiga simu kesho saa mbili asubuhi.

Nilianza mimi. Nikasema: mimi. Nikatoka.

Yeye alikaa mle ndani muda mrefu. Neno moja halina urefu huo. Alipotoka, meneja alimsindikiza hadi mlangoni na kumpa mkono. Mimi sikupewa mkono.



Jumatano, 25 Machi

Ameamka kabla yangu. Chai tayari mezani, lakini hajasema ni ya nani.

Nimemuuliza ulijibu nini. Akasema tusubiri simu. Nikamwambia simu ni ya meneja, mimi nakuuliza wewe. Akasema, "Mbona unanisaili?" Nikasema ndiyo, nakusaili, na si mara ya kwanza.

Akasema mambo yale hayakuwa ya neno moja. Akasema kuna miaka ulikuwa umelazwa, nani aliongoza? Miezi, nikamwambia, si miaka. Miezi minne. Na daftari la wateja uliniletea kitandani kila jioni!

Sasa nimemwambia hivi. Sitaki kusikia habari hii kwenye simu ya mgeni. Saa mbili kasoro robo, kabla haijalia, unaniambia kwa mdomo wako: mimi, au wewe. Usiniambie "sote". Mshahara tutakula wote, yeyote atakayeipata kazi, na tusipoipata tutalala njaa wote. Siulizi kazi.

Ametoka uani. Anaanua shuka letu kambani. Amerudi nalo, ameshika ncha mbili kifuani, nyingine zinaburuzika sakafuni. Amesimama mlangoni. Anakohoa.

Siinuki. Saa mbili kasoro dakika ishirini.

Jibu kwanza.