Fatiha Imeshaitikiwa

Kwa jina la Mola, Mwenye kuimiliki bahari na vyote vilivyomo ndani yake.

Harun ndugu yangu, haya yametokea sasa hivi hapa Buffalo, nami bado siamini. Mzee Masumbuko unamjua. Bintiye Faida yuko Louisville, na rafiki yake Jemutai, yule Mkenya, yuko Columbus. Wote walikuwa kwenye simu moja ya video.

Faida akasema, "Baba, tuombee. Mwezi ujao tunaenda baharini, kule Maine." Mzee akadhani wanakwenda kupunga upepo. Akainua mikono, akasoma Fatiha, akamwomba Mungu awatimizie nia yao yote. Wakaitikia amina.

Ndipo binti akainua vazi jeusi la mpira. "Bon, hii ni ya kuzamia. Kule maji iko baridi sana."

"Kuzamia! Hadi chini?"

Jemutai akacheka. "Sasa Mzee, ulidhani tunaenda kuangalia mawimbi? Tuko na mwalimu na mitungi ya hewa."

"Faida, kaka yako alizama Ziwa Tanganyika!"

"Ndiyo maana, Baba. Nimechoka kuogopa maji."

"Basi nirudishie dua yangu."

"Baba, si wewe ulitufundisha? Fatiha ikishaitikiwa hairudi."

Hairudi, Harun! Maneno yake mwenyewe!

Mzee amebaki na simu mkononi, anauliza, "Nikiomba safari ivunjike, si nitakuwa napingana na dua yangu?"

Yarabi, wazamiao uwaibue salama, na wanaobaki nchi kavu uwajaalie subira.