Siku Tatu Nyuma ya Maksai

Bariadi, 19 Januari 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Mwangaluka mjomba. Habari za Mwandoya, na cherehani inaendeleaje? Shangazi Esteria hajambo? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hauko sawa. Simu hapa zimekatazwa, ndiyo maana nimempa dereva wa basi karatasi hii.

Mjomba, nimekamatwa. Jumatano tulikuwa maabara, kemia. Kazi yenyewe ni kudondosha asidi tone kwa tone kwenye chupa mpaka rangi igeuke kutoka njano kuwa nyekundu, halafu unasoma umetumia kiasi gani. Ukipitisha tone, jibu limeharibika. Wenzangu wanasema, "Imegeuka!" Mimi naangalia, naona ileile. Tangu kidato cha tano rafiki yangu Tajudin, wa meza ya pili, amekuwa akikohoa ya kwangu ikigeuka. Jumatano alikohoa mara tatu, mwalimu Felisita akamwuliza kama ana kifua kikuu. Tajudin hajui kudanganya. Akasema yote.

Mkuu wa shule anasema huo ni wizi. Anataka mzazi aje Ijumaa tarehe 31, la sivyo nitasimamishwa, na mtihani wa kidato cha sita ni Mei. Mama usimwambie, presha yake unaijua. Tangu baba afariki mlezi wangu ni wewe. Njoo mjomba. Naapa sikuwa mvivu. Sikuona.

Mpwa wako,
Januarius


Mwandoya, 25 Januari 2025

Mpwa wangu Januarius,

Salamu nimezipata. Sisi wazima, cherehani inalia kama mbuzi lakini inashona.

Kikohozi cha rafiki yako kilitaka kunichekesha, nikashindwa kucheka. Mama yako anauza mchele juani ili uwe daktari, kumbe wewe unasoma kwa kukoholewa! Mvivu hakosi sababu. Na hilo neno la kwamba hukuona, usilirudie mbele ya walimu. Nalijua neno hilo, halijawahi kumsaidia mtu.

Ijumaa nitakuja. Vaa sare safi, omba radhi, nyamaza.

Mjomba wako,
Ndalahwa


Bariadi, 9 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, maana hukuja na sikupata neno.

Nilikaa kivulini ndani ya geti tangu saa mbili asubuhi mpaka kengele ya chakula cha jioni. Mlinzi alisema kuna mtu mrefu alisimama ng'ambo ya barabara kwa muda, tepu ya fundi cherehani shingoni, kisha akapanda bodaboda akaondoka. Nikamwambia huyo siye mjomba wangu. Mjomba wangu angeingia.

Mwalimu Felisita alinionea huruma. Alipanga chupa sita mezani, akasema nizitenge kwa rangi. Nikaweka nyekundu pamoja na kijani. Darasa zima lilicheka, yeye hakucheka. Akasema kuna watu wanaozaliwa hivyo, hawatofautishi baadhi ya rangi, na mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Akauliza kama mama ana kaka aliye hivyo. Mjomba, nikakumbuka shangazi Esteria anavyokuchagulia uzi. Siku zote nilidhani ni mapenzi.

Mkuu wa shule anasema kila mwizi ana ugonjwa wake. Atanisubiri mpaka tarehe 14 Machi. Nikapimwe hospitali, na lazima mlezi awepo, asaini, aulizwe habari za ukoo. Bila hivyo sifanyi mtihani.

Mjomba, nakuuliza kwa heshima: wewe unaona nyekundu?

Mpwa wako,
Januarius


Mwandoya, 8 Machi 2025

Mpwa wangu Januarius,

Mwangaluka. Nakuuliza hali huku nikijua aliyeiharibu ni mimi.

Yule mtu wa ng'ambo ya barabara nilikuwa mimi. Nilishuka stendi, nikafika mpaka mbele ya geti lenu, nikakuona kabisa umekaa ndani na sare yako safi. Nikaita bodaboda. Niliona aibu, mwanangu, na niliogopa.

Nikiwa na miaka kumi na miwili nilichunga ng'ombe wa babu yako kule Kimali. Tulikuwa na maksai wawili wa kulimia pamba. Mmoja akaanza kukojoa damu. Nilitembea nyuma yake siku tatu, fimbo begani, nikaona mkojo tu. Siku ya nne babu yako alikuja malishoni, akaiona damu kabla hajanifikia. Maksai alikufa siku hiyohiyo. Akaniuliza, "Siku tatu ulikuwa unatazama nini?" Nikasema sikuona. Kila niliposema sikuona, fimbo iliongezeka. Mwaka ule tulilima pamba kwa jembe la mkono, mama yako naye akiwemo, viganja vikitoka malengelenge, na mimi sikukabidhiwa tena hata ndama. Mpaka leo.

Nikaja Mwandoya kujifunza ufundi. Huku nako nikamshonea katekista suruali nyeusi kwa uzi mwekundu! Esteria, wakati huo mchumba wangu, akaanza kunibandikia namba kwenye nyuzi. Shida yangu ya rangi anaijua, habari ya maksai haijui. Mimi mwenyewe nilishakubali kwamba nilikuwa mvivu, mpaka barua yako ilipofika. Nimeisoma mwezi mzima, imechanika kwenye mikunjo.

Siioni nyekundu, mpwa wangu. Sijawahi kuiona.

Nakuja Alhamisi. Nikisimama tena ng'ambo ya barabara, mwambie mlinzi anivute.

Mjomba wako,
Ndalahwa


Bariadi, 6 Aprili 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Shangazi nampa shikamoo yake peke yake. Mimi mzima, safari hii moyo pia.

Mlinzi anakusalimia. Anasema ulivyoingia kwa kasi, nusura umpite bila kusaini daftari la wageni. Bado nacheka nikikumbuka kile kitabu cha vidoti vya rangi walichotupimia macho hospitalini, wewe na mimi tukisoma namba zilezile ambazo hazipo. Ulicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Shule iliomba nisaidiwe kwenye mtihani, na jibu limerudi jema. Mhudumu wa maabara atasimama kando yangu kunitajia rangi tu. Kupima, kusoma na kukokotoa ni juu yangu. Tumeanza mazoezi: "Njano, njano, bado, nyekundu." Juzi nilipata kumi na sita kwa ishirini. Tajudin kifua kimepona.

Nimekunakilia ukurasa wa daftari langu la biolojia, nimeuweka kwa Kiswahili. Marehemu bibi aliibeba hali hii bila yeye kuwa nayo. Akakupa wewe, akampa mama, mama akanipa mimi. Hakuna mwenye kosa. Mjomba, babu Ngassa bado yuko hai. Mpelekee akausikie.

Mpwa wako,
Januarius


Mwandoya, 22 Aprili 2025

Mpwa wangu Januarius,

Salamu za Pasaka kutoka kwetu sote. Shati lako la mtihani lipo kwa dereva. Esteria amechagua uzi, kwa hiyo livae bila wasiwasi. Na ukiwa maabara, mhudumu akikuambia imegeuka, funga bomba lako la asidi hapohapo. Usione aibu kuambiwa.

Pasaka tulikula Kimali. Baada ya misa nikamsomea babu yako ukurasa wako. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akachimba udongo kwa kidole cha mguu, kisha akauliza, "Kwa hiyo siku zile tatu ulikuwa unatazama?"

Nikamwambia, "Nilikuwa natazama, baba."

Akasema, "Nilimpiga mtoto aliyekuwa anatazama." Akaingia ndani. Chakula hakugusa.

Jana asubuhi akanigongea mlango, akanipa fimbo. Mpwa wangu, nina miaka arobaini na saba na nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani! Nikawatoa ng'ombe, nikawapeleka majini, watoto wa kaka yangu wakinicheka njia nzima. Nilikuwa na furaha, sikufichi. Babu yako akanifuata nyuma na mguu wake ule mbovu. Nilimsihi arudi, akakataa. Kila ng'ombe aliyeinua mkia kukojoa, mzee alisimama, akainama, akatazama, ndipo akaniambia, "Safi." Akaja mwingine. "Huyu naye safi, twende."

Ng'ombe kumi na tisa. Hakumruka hata mmoja.

Mjomba wako,
Ndalahwa