Kucha Nyeusi za Angèle

Papa Adalbert, mwaka umetimia tangu kifua kilipokushinda na moteri yako ya kung'arishia vyombo ikanyamaza. Asubuhi hii tena niliona kucha za Angèle kabla ya uso wake. Bado zina weusi wa nta ya kung'arishia, kama zako.

Ulikuwa mpole. Waliokimbia vita walifika kwetu Himbi na sufuria zilizoungua, ukawang'arishia bure. Ulisema mutu akijiona ndani ya sufuria yake, atapata nguvu ya kupika.

Angèle alitoka kambi ya Kanyaruchinya, akaomba maji. Ulimpa maji, halafu kiti, halafu kazi. Mimi ndiye niliyeshona magurudumu yako yote ya kitambaa, yale yanayofungwa kwenye moteri kung'arishia, tangu nilipoacha shule mwaka wa nne wa primeri. Hukuwahi kuniambia nichague hata moja la kufunga.

Yeye ulimfundisha. Nilikuwa nyuma ya pazia na sindano yangu, nikisikia: "Mutoto, moteri haibadilishi mwendo. Lakini gurudumu kubwa, ukingo wake unakimbia kuliko wa dogo. Sufuria itavumilia. Kitu chenye dhahabu juu, funga dogo, na uguse polepole." Akakutania kwamba, Muzee, unaogopa dhahabu kuliko unavyomwogopa mama. Ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi sijui nilikuchekesha lini.

Kisha parokia ikaleta kalisi yake, kikombe cha misa cha shaba kilichopakwa dhahabu. Angèle alipotoka kuteka maji, nawe hukuwepo, ilikuwa mezani, nzima. Aliporudi, dhahabu imelika upande mmoja na shaba inaonekana, na gurudumu kubwa liko kwenye moteri. Alisema hakuigusa. Hukumkaripia. Ulimwambia tu, "Sasa utafagia." Nilikuwa na uzi mdomoni, sikuutoa.

Alifagia miezi saba. Ulipougua, ndiye aliyekushikia beseni, na kwa hilo pia nilimwonea wivu.

Tunaokukumbuka ni Mama Kahindo mke wako, kaka Prodige, mimi Daniella binti yako, na Angèle, ambaye sasa anang'arisha sufuria, lakini mpaka leo hakuna anayemwachia kalisi mkononi. Hakuna siku itakayopita bila jina lako nyumbani.

Na hili sikukuambia, Papa. Gurudumu kubwa nililifunga mimi, na kalisi niliigusisha mimi. Sikukosea. Dogo lilikuwa karibu na mkono wangu, na nilijua kwamba ndilo la dhahabu.