Moto wa Jumamosi Jioni

Kwako Magokoro, nyanya yangu uliyelala kaburini Nyansiongo,

Ningependa kukuandikia kwamba mahindi yamekubali na ng'ombe wako amezaa. Yote hayo ni kweli, lakini leo nina hasira na kinyaa, na sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikuomba utuonyeshe mgongo? Ulishusha gauni begani, tukagusa zile alama kwa vidole huku ukitusimulia. Ulikuwa msichana, kibarua wa pareto kwenye shamba la mzungu. Ulikuwa umebatizwa, basi ukakataa kuchuma Jumamosi, Sabato yetu, na nyapara akakuchapa kiboko mbele ya wenzako. Jumamosi iliyofuata ukakataa tena. Kanisa letu wakati huo lilikuwa watu wachache chini ya paa la nyasi, na wengi wao walikuwa na alama kama zako. Ulituambia sisi ni watu wa kupigwa, hatupigi mtu.

Aliyekukanda mgongo huo ni Kemunto, jirani yako, ambaye hakubatizwa kamwe. Hata mlipozeeka hakuacha kuja. Tangu Ijumaa jioni uliacha moto uzimike, na Sabato nzima tulikula mboga za chinsaga zikiwa baridi. Jua likitua, Kemunto aliingia na kaa la moto kwenye kigae na kukutania: "Mungu wako amemaliza kupumzika? Haya, tupike chai." Nilimngoja yeye kuliko nilivyongoja chai yenyewe.

Magokoro, wamemchomea nyumba.

Mtoto wa jirani aliugua, akaacha kuongea. Kanisa lilimwombea, hakupona, basi akatafutwa wa kulaumiwa. Akapatikana bikizee anayeishi peke yake na haji kanisani. Sabato hiyo mzee wa kanisa alisoma ule mstari usemao mchawi asiachwe kuishi, akaurudia. Mchana kutwa hakuna aliyemgusa. Walikula pamoja, wakaimba, wakangoja. Jua lilipotua walifunga Sabato kwa sala, wakasema amina, ndipo wakabeba petroli. Hawakutaka kuichafua siku takatifu. Kinachonichukiza zaidi ni huko kungoja kwao. Afadhali wangekuwa walevi.

Kemunto alitokea mlango wa nyuma akapita kwenye migomba. Kesho yake nilienda kumchukua, na sasa yuko kwangu Gesima.

Wiki hiyohiyo mzee wa kanisa alinifuata hapa. Ni mtoto wa mwenzako mmoja mliyechapwa naye pale kwenye pareto. Hakutaka hata kukaa.

"Dada, wewe ni shemasi," alisema. "Huyo mama ni mrogi. Umtoe kwako, ama sisi tutakutoa kanisani."

Nilimuuliza kama anakumbuka mgongo wako. Alisema anaukumbuka sana, kwamba huwahubiria vijana habari zako ili wasimame imara. Ni vijana haohao waliobeba petroli. Nilijisikia nimepakwa uchafu, kwa sababu jina lako bado wanalitumia.

Nimejiuliza tulibadilika lini, na siioni siku yenyewe. Labda ni tulipoezeka mabati. Labda ni chifu alipoanza kukaa benchi la mbele, tukajua hakuna tena wa kutuchapa. Zamani mliwaombea adui zenu. Baadaye hatukuwa na adui, na nadhani tuliwakosa, kwa maana tumeanza kuwatafuta, na tunaanza na wale wasioweza kukimbia.

Nimemwambia mzee wa kanisa anitoe. Sabato bado naishika, hapa nyumbani, kwa sababu wewe ndiye uliyenipa na wao hawawezi kuninyang'anya. Jumamosi ya kwanza nilidhani jioni itatufurahisha. Niliweka sufuria tayari, nikampa Kemunto kibiriti awashe jiko, kama alivyokuwashia wewe miaka yote.

Alikirudisha kibiriti mkononi mwangu. Alifunga mlango, akaketi nyuma yake na kuniuliza polepole, "Wameshasema amina?"

Chai tulikunywa Jumapili asubuhi. Lala, Magokoro, mimi nitakaa naye mlangoni.

Ni mimi mjukuu wako, niliyegusa mgongo wako.